Karatasi ya Msowero na Ardhi ya Wavidunda



Kila unapozuka ubishi juu ya mkataba wenye shaka katika nchi hii, jina moja halikosi kutajwa, nalo hutajwa kwa kebehi: Mangungo wa Msowero. Amegeuzwa kuwa mfano wa mtawala mjinga, aliyempa mgeni nchi nzima kwa karatasi ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisoma. Watoto humsoma shuleni na wakubwa humcheka barazani. Lakini kicheko hicho kina kasoro. Kinamtwisha mtu mmoja mzigo wa hila iliyotungwa Ulaya, na papo hapo kinawasahaulisha watu swali lililo zito zaidi, yaani ni nani hasa mwenye haki ya kutia sahihi katika karatasi inayohusu ardhi ya wengi?

Msowero iko katika Wilaya ya Kilosa. Kusini ya wilaya hiyo hiyo, mtu akishapita Mikumi na kuelekea Kidodi na Mto Ruaha Mkuu, imesimama milima ya Vidunda, makao ya Wavidunda. Msafara wa wageni uliofika Msowero mwaka 1884 haukuipanda milima hiyo. Hata hivyo, kwa nguvu ya karatasi za safari ile, Wavidunda nao wakajikuta chini ya bendera ya taifa wasilolijua. Kwa hiyo historia ya Vidunda ni kipimo kizuri cha utawala wa kikoloni. Inaonyesha jinsi watu walivyoweza kutawaliwa kwa mkataba ambao hawakuulizwa habari zake.

MGENI NA KARATASI YAKE

Mwezi Novemba 1884 Carl Peters, kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 28, alivuka kutoka Unguja kwenda bara pamoja na wenzake. Alikuwa mjumbe wa chama kilichoundwa Berlin mwaka ule ule kwa nia ya kutafuta makoloni. Serikali ya Bismarck haikumtuma, tena ilikwisha mtahadharisha kwamba isingemlinda. Kwa muda wa majuma machache Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akikusanya mikataba kwa haraka ya mtu anayekimbizana na wenzake wa Ulaya. Tarehe 29 Novemba alikuwa Msowero.

Karatasi iliyoandikwa siku ile ilisema kwamba Mangungo, aliyeitwa humo Sultani wa Msowero, anaikabidhi nchi yake yote pamoja na haki zake zote kwa chama cha Peters, ili itumiwe kwa ukoloni wa Kijerumani. Ilisema pia kwamba ameulizwa waziwazi na kujibu kuwa yeye hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote. Maneno hayo yalipita kwa mdomo wa mkalimani mmoja.

Yafaa kila kifungu kipimwe. Mkataba uliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo Usagara nzima hapakuwa na mtu wa kuihakiki. Kifungu cha Sultani wa Zanzibar hakikumhusu Mangungo hata kidogo. Kiliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekuwa Berlin na mpinzani aliyekuwa Unguja, ili ionekane kwamba nchi ile haina mwenyewe mwingine. Na cheo cha Sultani kilitoka katika kalamu ya Peters, kwa sababu karatasi ya kuuza nchi ilihitaji muuzaji mwenye cheo kikubwa.

Hapo ndipo ulipo msingi wa hila yote. Katika jamii za Usagara, Ukaguru na Uvidunda, watu walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ilishikwa na koo. Mkubwa wa ukoo aliyaongoza matambiko, aliamua ugomvi, alimpokea mgeni na kumwonyesha mahali pa kulima. Hakuwa na uwezo wa kuuza, kwa maana ardhi ilikuwa ya waliokufa, waliopo na watakaozaliwa. Mangungo hakuuza nchi kwa sababu hapakuwa na desturi iliyomruhusu kuiuza. Alimpokea mgeni kama wazee wake walivyowapokea wageni wa misafara. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja mwenyeji aangamie.

KUTOKA KAMPUNI HADI DOLA

Wakati Peters anatembea Usagara, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekaa Berlin katika mkutano ulioanza tarehe 15 Novemba 1884 na kumalizika tarehe 26 Februari 1885. Siku moja tu baada ya mkutano huo kufungwa, yaani tarehe 27 Februari, Kaiser Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi barua ya ulinzi kwa ajili ya nchi nne: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Bismarck, aliyekuwa amekataa kumlinda Peters, sasa aliona faida ya karatasi zake. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake mwezi Agosti 1885, naye akasalimu amri. Kwa mlolongo huo, ardhi ya Kilosa ikawa miongoni mwa mawe ya kwanza ya msingi wa koloni lililokuja kuitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani.

Utawala wa kampuni haukudumu. Ilipojaribu kuitawala pwani mwaka 1888, wananchi waliinuka chini ya viongozi kama Abushiri bin Salim, na kampuni ikaponea chupuchupu kwa msaada wa askari walioongozwa na Hermann von Wissmann. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani yenyewe ikashika usukani. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, jeshi la Wajerumani likaangamizwa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo. Nchi iliyodaiwa kuwa imetolewa kwa hiari ilibidi itekwe kwa mizinga, jambo ambalo peke yake ni ushahidi tosha juu ya thamani ya ile mikataba.

Peters mwenyewe hakumaliza vizuri. Ukatili wake huko Kilimanjaro, ambako aliwanyonga Waafrika, ulimfikisha mbele ya mahakama ya nidhamu ya nchi yake, naye akafukuzwa katika utumishi mwaka 1897. Waafrika walikwisha mpa jina lililomstahili: Mkono wa Damu. Lakini, ndugu wananchi, yafaa kutambua kwamba mtu alifukuzwa na karatasi zake zikabaki zina nguvu. Hakuna aliyezirudisha Msowero.

Badala yake sheria nyingine zilijengwa juu yake. Amri ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya dola ya Kijerumani. Aliyetakiwa kuthibitisha ni mwananchi, na hakimu wa uthibitisho huo alikuwa mkoloni. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, rupia tatu kwa mwaka kwa nyumba ya shamba. Mtu asiye na rupia alilazimika kuitafuta kwa mlowezi. Kodi hiyo basi ilikuwa na kazi mbili, kujaza hazina na kuwasukuma watu katika kazi za mashamba ya wageni. Wakusanyaji wake walikuwa maakida na majumbe, waliowekwa na boma, waliojibu kwa boma, na ambao wananchi hawakuwa na njia ya kuwaondoa.

MAJI MAJI YAFIKA MILIMANI

Si ajabu basi kwamba vita vya Maji Maji vilipozuka katika nchi ya Wamatumbi mwezi Julai 1905, moto wake haukuishia kusini. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini neno lake lilikuwa limekwisha toka Ngarambe na kusambaa. Tarehe 30 Agosti boma la Mahenge lilishambuliwa. Wavidunda na Wasagara wakawa miongoni mwa makabila yaliyoingia katika vita hivyo, bega kwa bega na Wapogoro, Wambunga, Wangindo, Wabena na Wangoni.

Kushiriki kwa Wavidunda kuna maana ya pekee. Watu wa milimani, ambao wangeweza kusema kwamba ugomvi wa pamba za pwani hauwahusu, waliona kwamba kodi ni ile ile, akida ni yule yule na kiboko ni kile kile. Makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja wala lugha moja yaliunganishwa na dhuluma moja.

Jibu la Wajerumani lilikuwa kuchoma vijiji na kuharibu chakula. Njaa ikafanya kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria wa Kitanzania, Gilbert Gwassa, alipima kwamba idadi ilikuwa kubwa zaidi, kati ya 250,000 na 300,000. Mashamba yaliyoachwa yakawa mapori, na wanyama wakali na mbung'o wakachukua nafasi ya watu. Baadaye mapori kama hayo yaliitwa na wataalamu wa kikoloni ardhi isiyo na watu, kana kwamba hayakuwahi kuwa na wenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo reli ya kati ilikuwa ikisonga mbele kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilivuta mabepari kama sukari inavyovuta sisimizi. Heinrich Otto, mwenye viwanda vya nguo huko Ujerumani, alifungua shamba kubwa la pamba Kilosa, na mkonge ukafuata. Bonde lenye rutuba likapimwa kwa kamba za wapima ardhi, na aliyekuwa mkulima wa bonde akawa kibarua wake.

WAINGEREZA NA MACHIFU WA KARATASI

Majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa tarehe 22 Agosti 1916. Mwaka 1922 Uingereza ikakabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, kwa ahadi kwamba itaitunza kwa manufaa ya wenyeji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitamka kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Maneno yalikuwa matamu kuliko ya Mjerumani, lakini uamuzi ulibaki katika mkono mmoja, na mkono huo haukuchaguliwa na Mtanganyika hata mmoja.

Gavana Donald Cameron, aliyetawala kuanzia mwaka 1925 hadi 1931, alileta mfumo wa kuwatawala watu kupitia machifu wao, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1926. Maakida wakaondolewa. Wilaya ya Kilosa ikagawanywa katika tawala za Ukaguru, Usagara na Uvidunda, kila moja ikiwa na chifu wake, baraza lake na hazina yake. Mfumo huo ulisifiwa kuwa unaheshimu mila. Je, ni mila ipi iliyoheshimiwa? Wakaguru, kwa mfano, hawakuwa na chifu mmoja mkuu zamani. Walikuwa na koo nyingi, kila ukoo na eneo lake. Mwingereza alitaka mtu mmoja wa kumpa amri na mtu huyo huyo wa kumlaumu, na alipomkosa akamtengeneza.

Hapa ndipo kivuli cha Peters kinapoonekana tena. Mwaka 1884 mkubwa wa Msowero aliitwa Sultani ili aweze kugawa. Baada ya mwaka 1926 wakubwa wa koo walipandishwa kuwa machifu ili waweze kutoza kodi, kutoa hukumu na kutekeleza amri za Bwana Shauri. Mara zote mbili cheo kilitoka juu. Chifu alipata mshahara wake kwa utaratibu wa boma, na chifu aliyekataa amri aliondolewa na boma. Wengi wao walikuwa watu waungwana waliojitahidi kuwakinga watu wao. Ila mtu hawezi kuwatumikia mabwana wawili kwa muda mrefu, na mwenye kulipa mshahara ndiye aliyesikilizwa.

Matunda ya mfumo huo yalionekana wazi huko Meru. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York. Hawakurudishiwa ardhi yao wakati ule, lakini nchi nzima ilipata fundisho. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, swali la ardhi na swali la utawala yalikuwa yamekwisha kuwa swali moja.

UHURU NA DENI LILILOBAKI

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria, na mwaka huo huo umilikaji wa ardhi wa milele, walioufurahia walowezi, ukageuzwa kuwa wa kupangishwa na serikali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge iliwekwa mikononi mwa umma. Hizo zilikuwa hatua kubwa, nazo ziling'oa mizizi mingi ya ukoloni.

Lakini ukweli wa historia hauna upendeleo. Mipaka ya mashamba makubwa ya Kilosa ilibaki katika ramani hata mkonge ulipoporomoka bei na mashamba mengine kugeuka vichaka. Katika operesheni za vijiji za miaka ya 1973 hadi 1976, watu wengi nchini walihamishwa kwa amri, na pengine bila kuulizwa vya kutosha juu ya ardhi waliyoiacha na ile waliyopewa. Wakulima wa Kilosa wakaongezeka, wafugaji wakaingia na mifugo yao, na ardhi ikabaki ile ile. Mwezi Desemba 2000 damu ilimwagika Rudewa Mbuyuni, wakulima na wafugaji wakaumizana, na watu 38 wakapoteza maisha. Rudewa na Msowero ziko wilaya moja. Mtu akiuliza chanzo cha maafa hayo, asitazame fimbo na mapanga peke yake. Aitazame pia ramani, na aulize ni nani aliyeichora.

Milima ya Vidunda nayo ina majirani wakubwa. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964. Upande wa Ruaha kuna mashamba ya miwa ya Kilombero na kituo cha umeme cha Kidatu, kilichoanza kufanya kazi mwaka 1975. Ng'ambo ya mto kuna Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992. Kila kimoja kina faida kwa taifa. Umeme unawasha taa mijini, sukari inafika kila nyumba, na wanyama ni urithi wa dunia. Haki inadai tu kwamba mkulima aliyebanwa katikati ya mipaka hiyo aijue kila mipaka, na asishtukizwe na mingine.

SHERIA IKO, WENYEWE WAKO WAPI?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ni jibu la Bunge kwa karatasi ya Msowero. Kwa sheria hiyo, halmashauri ya kijiji inaisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, mwanamke sawa na mwanamume. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na kati yao wasiopungua watatu ni wanawake. Kwa Wavidunda, waliohesabu ukoo kwa mama tangu kale, sharti hili halipaswi kuonekana geni.

Hata hivyo, sheria ina mlango unaohitaji bawabu. Pale ardhi ya kijiji inapotakiwa kwa manufaa ya umma, na eneo likizidi hekta 250, mkutano wa kijiji hutoa maoni yake, lakini uamuzi wa mwisho ni wa Waziri. Maoni ya kijiji ambacho hakikukutana hayana uzito. Maoni ya kijiji kilichokutana, kikahesabu watu wake na kuandika muhtasari wake, hayapuuzwi kwa urahisi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili ni kweli kwa shamba kama lilivyo kweli kwa duka.

Lugha nayo ni silaha. Mangungo alishindwa kuhakiki Kijerumani. Miaka mingi baada ya uhuru, sheria za nchi ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mkulima wa Vidunda alizisikia kwa mdomo wa mkalimani, kama Mangungo. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Ni ushindi mkubwa, lakini hautakamilika mpaka kila hati inayopelekwa kijijini iwe ya Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya mkutano, na mwenye swali ajibiwe kabla kalamu haijafunguliwa.

Kumcheka Mangungo ni rahisi, nako hakuokoi hata hatua moja ya shamba. Yeye alikuwa peke yake mbele ya mgeni, mkalimani na karatasi, bila sheria, bila shule, bila mkutano wa kumwambia asubiri. Mwanakijiji wa Kilosa na Vidunda anavyo vyote hivyo. Asipohudhuria mkutano mkuu, asipouliza muhtasari, asipoijua mipaka ya kijiji chake, atakuwa amejirudisha mwenyewe mwaka 1884, tena bila udhuru aliokuwa nao mzee wa Msowero.